MREJESHO: Barua pepe zilizokuwa zikirudishwa na kosa la 550

Wakuu, asanteni sana. Niliuliza kwa nini barua pepe zinazotoka kwenye seva yetu zinakataliwa na seva za wapokeaji kwa kosa la 550 5.7.1 (ujumbe umekataliwa kwa sababu za sera au usalama) wakati zinazoingia zinafika vizuri. Aliyesema nianze na rekodi ya PTR (inayoonyesha jina la seva kutokana na namba yake ya IP) alipatia kabisa: IP yetu haikuwa nayo. Rekodi hii huwekwa na mwenye IP, si kwenye DNS (rekodi za majina) ya kikoa chako, hivyo niliwaomba wanaotukodisha seva, wakaiweka. Kisha nikaongeza IP kwenye SPF (orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma barua za kikoa) na kuwasha DKIM (sahihi ya kidijitali kwenye barua). Sasa hazirudi tena.

Kuhamia poti (mlango wa mawasiliano) 587 hakukusaidia; hiyo ni ya mtumiaji kukabidhi barua kwa seva yake, seva kwa seva bado ni 25.

Kilichobaki: baadhi ya wapokeaji bado wanazikuta kwenye spamu. Hilo naendelea nalo.