Mkandarasi naye abanwe kisheria kuchangia jamii kama mgodi?

STOO KIPA, BUHONGWA:
Wadau, hoja hii nazidi kuisikia hapa Mwanza. Sheria ya Madini, tangu irekebishwe 2017, inamtaka mwenye leseni aandae kila mwaka mpango wa kuchangia jamii na kukubaliana na halmashauri. Vuka Daraja la Kigongo–Busisi uende Geita, utakuta madarasa na zahanati za fedha hizo. Watu wanauliza, mbona anayejenga barabara anachukua mabilioni, anaondoka, anatuachia mashimo ya kifusi? Wanaongeza kwamba kampuni inayochangia jamii haiyumbi hovyo mambo yakiharibika. Mimi nasema inategemea imechangia nini.

Nilikuwa stoo kipa kwenye saiti ya barabara, kampuni siitaji. Bosi alikabidhi madawati shule ya jirani, fulana zikagawiwa, picha zikapigwa. Siku hiyo vibarua walikuwa na wiki ya 5 hawajalipwa. Mama ntilie wetu alikuwa na daftari la madeni, jalada limelowa mafuta ya sato, mbele ya kila jina vijistari vinne vinne, cha tano kinakata. Ukurasa wa foromeni ulijaa mpaka pembeni. Cheti cha malipo, ile hati ya kazi iliyokwisha ambayo mteja huilipia, kilipokwama kwa mteja, hakuna aliyemwonea bosi huruma. Dizeli ikaanza kufyonzwa usiku, nondo zikapungua, mlinzi hajaona kitu. Angeonaje? Naye alikuwa anadai.

Baadaye nikahamia kwa mkandarasi mdogo, aliyesajiliwa daraja la 6. Huyo hajawahi kutoa hata jezi za timu ya kijiji, ila Jumamosi saa 9 alasiri analipa, hata kwa kukopa. Naye malipo yake yalikwama, riba ya benki ikawa inakula faida. Lakini mwenye duka la vifaa alimpa saruji kwa mali kauli, kina mama wa kokoto wakaleta tripu 3 bila kushika shilingi, tukamaliza kalavati kabla mvua haijachanganya.

Ndiyo maana hiyo sheria ya kumbana mkandarasi naipinga. Mgodi unauza dhahabu. Mkandarasi analipwa kodi zetu. Ukimkata hela ya jamii, ama atapunguza ujira wa kibarua, ama ataipachika kwenye bei ya zabuni.

INJINIA, MKOLANI:
Kaka, unachanganya mambo. Kumlipa kibarua siyo kuchangia jamii, ni wajibu, sawa na kumpelekea michango yake NSSF. Tumsifu mtu kwa kutodhulumu? Tena mfano wako ni wa daraja la 6. Wale wa mamia ya mabilioni hawakopi saruji kwa mali kauli. Hao wabanwe ndani ya mkataba: mashimo ya kifusi yafukiwe au yageuzwe malambo ya ng'ombe, na vijana wa hapo watoke na fani.

MAMA KOKOTO:
Mimi nagonga mawe mlimani, hizo tripu ni za wenzangu. Injinia mwanangu, huo wajibu sijauona ukipanda huku juu. Sina mkataba, sina NSSF. Mwenye lori ndiye anayeshika pesa, mimi nasubiri chini ya turubai. Akiamua kunilipa kesho, ni kesho. Tunaambiwa asilimia 30 ya zabuni imetengwa kwa wanawake, vijana, wazee na wenye ulemavu. Vizuri, lakini lazima muwe kikundi kilichosajiliwa na muingie NeST, mfumo wa zabuni za serikali mtandaoni, na simu yangu ni ya kitochi. Mkimbana mkandarasi, msimbane ajenge darasa. Mbaneni aandike jina langu kwenye vitabu vyake, anilipe mwenyewe.

STOO KIPA, BUHONGWA:
Shikamoo mayu. Kwenye vitabu umenishinda, na Injinia kanishinda kwenye mashimo. Kwetu tulipoteza ndama mmoja humo. Ila Injinia, kuna swali umelikwepa. Mteja akikalia cheti miezi 8, nani anambana yeye? Wewe umewahi kuona riba ya ucheleweshaji ikilipwa bila mkandarasi kuidai mpaka anachoka?