Wauza chenso, acheni kufunga baa ya inchi 22 kwenye injini ya cc 45!

Wakuu, salaam. Huu ni uzi wa malalamiko na simpaki mtu mafuta kwa mgongo wa chupa.

Ingia duka la mashine, iwe Kariakoo au Mafinga, uulizie chenso ya kukatia miti. Kitu cha kwanza kusifiwa ni urefu wa baa, yaani ule upanga wa chuma unaobeba cheni. "Hii ndiyo yenyewe bosi, inchi 22, inaangusha chochote." Nyuma ya huo upanga imekaa injini ya cc 45 (cc ni ujazo wa silinda), au 52 ukibahatika. Ubavuni kuna kibandiko kimeandikwa 5800, mteja anaamini kapata cc 58, analipa na kuondoka. Mwezi haujaisha mashine iko kwa fundi: klachi imeungua, pistoni imechubuka, na muuzaji ana jibu lake tayari: "Ulikosea kuchanganya oili." Hapana! Kosa lilifanyika dukani, pale baa hiyo ilipofungwa kwenye mashine isiyoiweza.

Baa haikati mti. Yanayokata ni meno ya cheni, na kila jino linavutwa na injini. Chukua cheni ya .325 (hiyo ni hatua ya cheni kwa inchi, yaani nusu ya umbali wa riveti tatu zinazofuatana), ambayo ndiyo inayokuja na nyingi ya mashine hizi. Jino moja hadi linalofuata ni kama milimita 33. Baa ya inchi 16 ikizama yote ndani ya gogo, meno yanayokula kuni kwa wakati mmoja ni kama 12. Ya inchi 22 ikizama yote ni 17. Injini ni ileile, petroli ni ileile, mzigo umepanda kwa zaidi ya theluthi. Unategemea nini?

Kinachotokea ni hiki. Mzunguko unashuka, mkataji anazidi kubana resi na kukandamiza mashine. Feni inayopoza silinda imeungana na magneti, kwa hiyo mzunguko ukishuka na upepo unapungua, wakati moto ndani umeshafika juu kabisa. Cheni ikisimama ndani ya gogo huku resi imebanwa, klachi inasugua dramu yake (kikombe cha chuma kinachoendesha cheni) bila kuizungusha. Sekunde chache tu za hivyo zinatosha kuharibu. Fungua kava ya pembeni uiangalie dramu: ikiwa chuma kimegeuka rangi ya bluu na zambarau, ujue kimepikwa. Moto huo hauishii hapo. Unaingia kwenye beringi ya sindano iliyo ndani ya dramu, kwenye sili ya krankshafti, na kwenye ile gia ndogo inayoendesha pampu ya oili, ambayo kwa mashine nyingi za bei nafuu ni ya plastiki. Gia ikiyeyuka, cheni haipati tena tone la oili, na baa inakufa wiki hiyohiyo.

Sili ikiungua ni balaa zaidi, kwa sababu injini inaanza kuvuta hewa pembeni, mchanganyiko unakuwa mkavu (hewa nyingi, petroli kidogo) na pistoni inakwaruzika. Fundi mwaminifu atakuonyesha bila kubomoa injini: anafungua ekzosi, anamulika tochi kwenye tundu la moshi, na wewe mwenyewe unaiona pistoni. Nzima inang'aa au ina masizi laini. Iliyokufa ina michirizi ya wima, mingi zaidi upande wa ekzosi, na ringi imenata kwenye mfereji wake.

Sasa cc. Namba ya modeli si cc, na wauzaji wanalijua hilo. Ukitaka ukweli tafuta kipenyo cha silinda na mwendo wa pistoni kwenye kitabu cha mashine, kwa sentimita. Zidisha kipenyo kwa kipenyo, kisha kwa mwendo, kisha kwa 0.785. Silinda ya mm 45 yenye mwendo wa mm 33 inatoa 4.5 × 4.5 × 3.3 × 0.785, yaani cc 52.5. Haijalishi ubavuni wamebandika nini.

Na hizo "HP 5" (nguvu za farasi) mnazoandika kwenye boksi ni aibu. Chenso ya Stihl MS 250 ina cc 45.4 na inatoa kW (kilowati) 2.3. MS 661 ina cc 91.1 na inatoa kW 5.4. Hao ni watengenezaji wakubwa kabisa, na hata wao wanapata kati ya kW 0.05 na 0.06 kwa kila cc moja. HP 5 ni kW 3.7. Anayedai kuipata kwenye cc 52 anadanganya, na anayeuza kwa kutumia kibandiko hicho anashiriki uongo huo.

Vipimo vinavyofanya kazi ndivyo hivi, muvinakili muende navyo dukani. Cc 30 hadi 35 ni inchi 12 au 14, basi. Cc 40 hadi 45 ni inchi 14 au 16. 18 ni kwa mbao laini kama msindano, na hata hapo usiizamishe yote muda mrefu. Cc 50 hadi 55 ni 16 au 18, na 20 ndiyo mwisho. Cc 60 hadi 65 ni 18 au 20. Cc 70 hadi 75 ni 20 hadi 25. Cc 90 inabeba 24 hadi 30 bila kulalamika. Ukivuka hapo kwenda inchi 36 unazungumzia mashine kama MS 880 yenye cc 121.6, au ile 070 ya zamani yenye cc 105.7 ambayo wapasua mbao wanaifahamu vizuri. Kwa mti mgumu teremka hatua moja. Mvinje, mkwaju na mkaratusi uliokauka havichezewi: mashine inayokwenda vizuri na inchi 18 kwenye msindano, kwenye mvinje mkavu ipe 16.

Tena muelewe inchi hizo zinapimwa wapi. Ni kutoka mbele ya bodi ya mashine mpaka ncha ya baa, si chuma chote ukikishika mkononi. Kuna wauzaji wanaopima kuanzia mkiani ili 18 isomeke 20.

"Lakini miti yangu ni minene." Hii ndiyo hoja wanayoitumia kukuuzia upanga mrefu, na haina msingi. Mti unakatwa kutoka pande mbili. Mkataji anayejua kazi akiwa na baa ya inchi 18, yaani sentimita 46, anaangusha gogo la sentimita 75 hadi 80. Anakata mdomo upande mti unakoangukia, kina chake robo ya unene au pungufu kidogo. Kisha anaingia na mkato wa nyuma upande mmoja, anazunguka na kumalizia upande wa pili, akiacha katikati ukanda wa kuni usiokatwa wenye upana wa sehemu moja ya kumi ya unene wa mti. Ukanda huo ndio bawaba inayouongoza mti kuanguka. Gogo la sentimita 70 liachiwe sentimita 7. Mkikata ukanda huo wote, mti unajichagulia pa kulalia.

Kazi ya kupogoa matawi mijini, hasa kwa anayepanda juu, hapo baa ndefu ni hatari tupu. Uzito wote unahamia mbele, mkono unachoka, ncha inagusa tawi ambalo hata hulioni. Robo ya juu ya ncha ikigusa kuni cheni ikiwa kasi, mashine inaruka nyuma kuelekea usoni na shingoni kabla hujakonyeza jicho. Inchi 12 au 14 inamaliza matawi yote ya mwembe wa kawaida. Na breki ya cheni ijaribiwe kila asubuhi: washa, piga resi kidogo, sukuma kinga ya mkono mbele kwa kifundo cha mkono. Cheni isiposimama papo hapo, mashine hiyo haipandi juu ya mti.

Kupasua mbao kwa chenso ni habari nyingine kabisa, na hapa ndipo injini ndogo zinazikwa kwa wingi. Ukikata kwa urefu wa nyuzi, baa nzima imezama kwa dakika nyingi mfululizo, resi imebanwa mwanzo hadi mwisho. Chini ya cc 70 usiguse, na kwa kazi ya kila siku anzia 90. Cheni inolewe kwa pembe ya digrii 10 badala ya 30, na tenki likiisha iache mashine ipoe kabla ya kujaza tena. Anayekuuzia cc 52 akikwambia "hata mbao inapasua" anakutakia hasara.

Oili ya cheni nayo. Pampu za mashine ndogo nyingi hazirekebishwi. Zinatoa kiasi kilichopimwa kwa baa fupi. Ukifunga ndefu, ncha inabaki kavu, inageuka bluu, na gurudumu dogo la nchani linakwama. Kipimo chake hakina gharama: shika ncha sentimita 15 hivi juu ya karatasi nyeupe ya boksi, piga resi nusu, hesabu hadi kumi. Mstari wa oili uonekane wazi kwenye karatasi. Usipoonekana, zima, safisha tundu la oili na mfereji wa baa. Ukiendelea kukosekana, baa hiyo imeizidi pampu. Na oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye magari acheni kuitumia, ina vumbi la chuma linalokula pampu.

NYONGEZA: naona wengi mnauliza kama mashine mliyokwisha kuuziwa inaokoleka. Inaokoleka, kama pistoni bado nzima. Nunueni baa fupi yenye mkia wa umbo lilelile pamoja na cheni yake. Mashine za aina hii zenye baa ya inchi 20 kwa kawaida hutumia cheni ya .325, unene wa mm 1.5, viungo 76 vya ndani; ukishuka kwenye inchi 18 ni viungo 72. Lakini msiende kwa mazoea. Namba zimechongwa mkiani mwa baa: hatua ya cheni, unene wa mfereji, idadi ya viungo. Zikiwa zimefutika, pima riveti tatu zinazofuatana, kutoka katikati ya ya kwanza hadi katikati ya ya tatu. Milimita 16.5 ni .325, inanolewa kwa tupa ya mm 4.8. Milimita 18.6 ni 3/8. Ya mashine kubwa inanolewa kwa tupa ya mm 5.2, ile yenye meno mafupi ya mashine ndogo kwa tupa ya mm 4. Milimita 20.5 ni .404, tupa ya mm 5.5. Cheni ya 3/8 kwenye sproketi (gurudumu la meno linaloizungusha cheni) ya .325 itapanda juu ya meno na kuitafuna. Muuzaji anayesema "zinaingiliana" msimpe hela.

Na kwa aliyeuliza kama akikaza skrubu ya H kwenye kabureta mashine itaweza ile inchi 22: usithubutu. Ukikaza H unapunguza petroli. Mlio unapanda, unadhani umepata nguvu, kumbe umepunguza na ile oili ya 2T inayolainisha pistoni, kwani inaingia na petroli hiyohiyo. Irudishe ilivyokuwa. Kuna ambaye tayari amekaza na mashine sasa inazima ikishapata moto: asiiwashe tena, afungue ekzosi kwanza aiangalie pistoni kama nilivyoeleza juu.