Naombeni ushauri: kuendesha kikao cha Zoom kwa kibodi na kisoma skrini

Katibu Asiyeona ameandika:

Habari za wakati huu, ndugu wanajukwaa. Mimi ni mwalimu asiyeona, na pia ni katibu wa chama cha akiba na mikopo ambacho wanachama wake wametawanyika katika wilaya kadhaa. Kamati imeamua kwamba vikao vya kila mwezi vifanyike kwa Zoom ili kupunguza gharama za nauli, na kuanzia mwezi ujao mimi ndiye nitakayefungua ukumbi, kuwaingiza wajumbe, kugawa nafasi za kuzungumza na kuandika muhtasari, yote kwa wakati mmoja. Natumia kompyuta mpakato ya Windows yenye NVDA, yaani kisoma skrini kinachonisomea kwa sauti yaliyo kwenye skrini, na kipanya sikigusi.

Kuhudhuria kikao kama mjumbe wa kawaida hakunipi shida; shida ni kukiendesha. Mjumbe anapozungumza, NVDA nayo inanitajia kila anayeingia, kila anayetoka na kila ujumbe unaoandikwa, hata nakosa nusu ya hoja ninayopaswa kuinukuu. Nikiwa ndani ya Word kwenye muhtasari, Alt na A haifungui maiki yangu mpaka nirudi kwanza kwenye dirisha la Zoom. Mweka hazina anapoonyesha hesabu zake kwenye skrini, mimi nasikia kimya kitupu. Tena wajumbe wanalalamika kwamba wanaisikia NVDA ikibwabwaja nyuma ya sauti yangu. Yupo aliyependekeza kwamba kikao kiendeshwe na mtu anayeona, nami nibaki na muhtasari tu. Sijakubali, na ndiyo maana naomba ushauri wa wenye uzoefu.

Mstaafu wa Pangani amejibu:

Mwalimu, umefanya vyema kutokubali. Matatizo uliyoyataja yanatibika kwenye mipangilio kabla kikao hakijaanza, na wala hayahitaji macho.

Anza na hilo la maiki. Ndani ya mipangilio ya Zoom kuna sehemu ya mikato ya kibodi, yaani vitufe vinavyobonyezwa pamoja kutoa amri, na kila mkato una kisanduku cha kuufanya ufanye kazi hata ukiwa kwenye programu nyingine. Weka alama kwenye kisanduku cha Alt na A, na kuanzia hapo utafunga na kufungua maiki ukiwa katikati ya sentensi ya muhtasari wako bila kuondoka Word. Nakushauri usiweke alama kwenye visanduku vyote kwa pupa. Alt na H, kwa mfano, katika Zoom hufungua sehemu ya ujumbe wa maandishi, lakini katika Word ndiyo njia ya kuingia kwenye utepe wa kwanza wa amri. Ukiiachia Zoom ishike pote, Word itakuwa imenyang'anywa.

Mikato mingine utakayoitegemea kama mwenyeji wa kikao ni Alt na U, inayofungua orodha ya washiriki, na Alt na M, inayofunga maiki za wote isipokuwa yako, ambayo utaibariki siku mjumbe atakapojiunga akiwa ndani ya daladala. Alt na Y hunyoosha mkono na kuushusha. Control na 2 hukutajia jina la anayezungumza wakati huo, jambo ambalo kwa mwandishi wa muhtasari lina thamani kuliko yote niliyoyataja, kwa sababu sauti za simu hufanana. Ukipotea ndani ya madirisha ya Zoom, F6 hukuhamisha kutoka dirisha moja hadi jingine.

Kuna mkato mmoja ambao ningeuzima kabisa: ule wa kushikilia kitufe cha nafasi ili maiki ifunguke kwa muda. Sisi tunaotembea kwa Tab hukitumia kitufe hichohicho kubonyezea vitu, na haipendezi kitufe kimoja kiwe na kazi mbili mbele ya watu.

Nukta Sita amejibu:

Naunga mkono maelezo ya mzee, ila naona hajagusa kelele za NVDA, na kwa maoni yangu hapo ndipo kiini cha swali kilipo. Mikato ya kibodi mtu huikariri kwa jioni moja. Kuamua kisoma skrini kinyamaze lini ndiko kunakotofautisha anayeendesha kikao na anayeendeshwa nacho.

Katika mipangilio ya Zoom iko sehemu ya ufikivu, na ndani yake kuna orodha ndefu ya taarifa zinazopelekwa kwa visoma skrini, kila moja na kisanduku chake. Zima taarifa za wanaoingia na wanaotoka, kwa kuwa mahudhurio utayasoma mwenyewe kwenye orodha ya washiriki kwa wakati unaoutaka. Zima pia usomaji wa ujumbe wa maandishi, halafu wakati wa mapumziko kati ya ajenda bonyeza Alt na H uupitie kwa mishale. Taarifa ya mkono ulionyooshwa iache, na ile ya kwamba maiki yako imefungwa au imefunguliwa usiiguse kamwe.

Wengine watakushauri ubonyeze kitufe cha NVDA (kwa kawaida ni Insert) pamoja na S ili kubadilisha hali ya usemaji. Tangu toleo la 2024.1 iko hali ambayo NVDA husema pale tu unapoiomba, kwa mfano unapoitaka ikusomee kichwa cha dirisha. Inafaa unaposikiliza mada ndefu, lakini kwa mtu anayeandika na kutembea kwa Tab ina kasoro kubwa, maana ukihama kutoka kitufe hadi kitufe haitakuambia umefika wapi. Kwa hiyo dawa ya kudumu ni kupunguza taarifa kwenye Zoom yenyewe. Mwenye kifaa cha nukta nundu anaweza kuizima sauti kabisa na kusoma kwa vidole, lakini bei ya vifaa hivyo tunaijua sote.

Kuhusu wajumbe kuisikia NVDA, sababu ni kwamba sauti inatoka kwenye spika za kompyuta na kuingia kwenye maiki. Vaa hedifoni. Na ukiwa na NVDA ya toleo la 2024.2 au la baadaye, bonyeza NVDA, Alt na S kwa pamoja mpaka usikie kwamba sauti zimegawanywa: NVDA itakaa sikio moja na wajumbe watakaa sikio la pili. Siku ya kwanza kichwa kitakuzunguka kidogo. Baadaye utashangaa uliwezaje kuishi bila mpangilio huo.

Mwalimu wa Likoni amejibu:

Niongeze neno kwa sababu chama chako siku moja kinaweza kuhama Zoom. Sisi shuleni kwetu tunatumia Google Meet, ambayo hufunguka ndani ya kivinjari, na humo NVDA hukaa katika hali ya kusoma ukurasa, kwa hiyo herufi unazobonyeza huenda zikachukuliwa na NVDA yenyewe kabla hazijafika kwenye kikao. NVDA pamoja na kitufe cha nafasi hukubadilishia hali. Maiki ni Control na D, kamera ni Control na E. Lakini hakikisha kwanza kwamba uko kwenye ukurasa wa kikao, kwani katika kurasa nyingine za Chrome Control na D huhifadhi alamisho, nawe utadhani umefunga maiki kumbe bado uko hewani. Katika Microsoft Teams maiki ni Control, Shift na M, na mkono ni Control, Shift na K.

Mweka Hazina wa Kijiji amejibu:

Mimi naona kwa macho, na nimekuwa nikionyesha hesabu mtandaoni, kwa hiyo nizungumzie kosa la upande wetu. Mtu anapoonyesha skrini yake, kinachowafikia wengine ni picha inayotembea. Kisoma skrini hakikuti ndani yake maandishi wala jedwali, hata kama aliyeonyesha amefungua Excel. Mwombe mweka hazina wako atume faili lenyewe kabla ya kikao, nawe ulifungue upande wako na kulipitia seli kwa seli anapoeleza. Mwombe pia asiseme "kama mnavyoona hapa". Ataje mstari na kiasi. Hata wajumbe wanaofuatilia kwa simu ndogo watamshukuru.

Nukta Sita amejibu:

Ndugu mweka hazina, umesema kweli tupu. Nitaje tu kwamba NVDA katika Windows 10 na 11 inaweza kuitambua picha kwa NVDA na R na kuigeuza kuwa maandishi ya kupitia kwa mishale, kisha Escape hukutoa. Kwa kichwa cha slaidi inatosha. Kwa jedwali la fedha usiitegemee, kwa sababu safu huchanganyika, na tarakimu moja ikisomwa vibaya utakuwa umeandika deni ambalo halipo.

Katibu Asiyeona ameandika:

Mzee wangu, shikamoo. Nanyi nyote nawashukuru. Nimegawanya sauti na kuzima taarifa kama mlivyoelekeza, na nimejaribu pamoja na mdogo wangu aliyejiunga kwa simu: muhtasari niliandika bila kukatizwa. Yamebaki mawili. Kwanza, wajumbe walioko kwenye chumba cha kusubiri nitawaingizaje ikiwa nimezima taarifa za wanaoingia? Pili, NVDA yangu husoma kwa sauti ya Kiswahili ya eSpeak, nayo maneno ya Kiingereza ya Zoom inayatamka kwa matamshi ya Kiswahili, hata vitufe vingine sivitambui.

Mstaafu wa Pangani amejibu:

Marahaba, mwalimu. Kuhusu wanaosubiri, bonyeza Alt na U, kisha tembea kwa Tab na mishale mpaka kwenye jina. Kitufe cha kuruhusu husomwa Admit. Fanya hivyo mara mbili tu, dakika chache kabla ya kuanza na tena baada ya ajenda ya kwanza, halafu mteue mjumbe mmoja kuwa mwenyeji msaidizi ili apokee wachelewaji. Hilo halikupunguzii mamlaka; hata katibu anayeona huhitaji mtu wa mlangoni.

Kuhusu sauti, NVDA hukuwezesha kuunda wasifu, yaani seti ya mipangilio, tofauti kwa programu moja moja. Ukiwa ndani ya Zoom, bonyeza NVDA, Control na P, unda wasifu mpya wa programu hiyo, kisha uuchagulie sauti ya Kiingereza. Ukirudi Word, Kiswahili chako kitarudi chenyewe. Uunde leo na ujaribu tena na mdogo wako, maana wasifu mpya huanza na mipangilio inayohitaji kusikilizwa kwanza, hasa kasi ya kusoma.

Katibu Asiyeona ameandika:

Nimeuunda, mzee wangu, na kasi nimeipunguza. Faili la hesabu nimeshaliomba kwa mweka hazina, naye ameahidi kulituma siku 2 kabla ya kikao.