Tupeane uzoefu: Selimundu, kupima kabla ya ndoa na tiba mpya ya kuhariri vinasaba

Mama Salha, Tanga (mwanzisha mada)

Ndugu zangu, naanzisha mada hii kwa ajili yetu sisi ambao selimundu (sikoseli), ugonjwa wa damu wa kurithi, imeingia nyumbani mwetu bila hodi. Binti yangu ana miaka 15. Mwezi uliopita alisoma kwenye simu ya shangazi yake kwamba huko Uingereza na Marekani madaktari wanahariri vinasaba na wagonjwa wa selimundu wanapata nafuu kubwa, akaja jikoni na kuniuliza, "Mama, na mimi nitapona?" Nilikuwa nachambua mchele. Nilimaliza ungo mzima, nikaurudia tena, kabla sijapata la kumjibu.

Kwetu ugonjwa ulijitokeza akiwa na miezi minane. Vidole vya mikono vilivimba vikawa vinang'aa kama vilivyopakwa mafuta, akawa halali ila akibebwa. Tuliambiwa ni wadudu, baadaye tukaambiwa ni mkono wa mtu, na ndugu wa mume wangu wakasema waziwazi kwamba katika ukoo wao hakuna damu mbovu, kwa hiyo aliyeileta ni mimi. Alipotimiza miaka miwili ndipo alipopimwa, nasi wazazi tukapimwa, tukakutwa wote wawili ni AS, yaani kila mmoja ana kinasaba kimoja cha selimundu (S) bila kuugua. Siku hiyo nilielewa jambo ambalo ningepaswa kuelezwa nikiwa bado mwari: wazazi wawili wenye AS wanapopata mimba, uwezekano wa mtoto kuwa na SS, yaani kurithi S kwa wote wawili na kuugua, ni asilimia 25, na hesabu hiyo huanza upya kwa kila mimba. Kuzaa mmoja mgonjwa hakuwapi watatu wanaofuata kinga yoyote.

Kuhusu hiyo tiba, nimejitahidi kusoma na kuuliza. Inaitwa Casgevy. Uingereza iliiidhinisha Novemba 2023, Marekani Desemba 2023. Madaktari huchukua seli mama za damu (zile zinazozaa chembe za damu) za mgonjwa mwenyewe, huzikata maabara katika sehemu moja ya kinasaba kiitwacho BCL11A, na mwili ukirudishiwa seli hizo huanza tena kutengeneza ile hemoglobini (protini ya damu inayobeba oksijeni) ambayo mtoto huwa nayo tumboni mwa mama, ambayo haizifanyi chembe za damu zijikunje kama mundu. Katika utafiti uliotumika kuiidhinisha, wagonjwa 29 kati ya 31 walikaa angalau miezi 12 mfululizo bila kupatwa na maumivu makali. Bei yake Marekani ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Lakini kilichonishtua zaidi ya bei ni kwamba kabla ya kurudishiwa seli, mgonjwa hupewa dawa kali ya kusafisha uloto (sehemu laini ndani ya mifupa inayotengeneza damu), na dawa hiyo inaweza kumwondolea uwezo wa kuzaa. Kwa hiyo swali la binti yangu kuhusu kupona limefungamana na swali la uzazi wake, na hilo siwezi kumwamulia mimi.

Naomba kila mwenye uzoefu aeleze: mlipima lini, nani aliamua, na mlielezwa nini?

Mwalimu, Kahama

Mama Salha, pole, na ahsante kwa kulifungua jambo hili. Mimi nilipima mwaka ambao posa yangu ilikuwa imekwisha kupokelewa. Mchumba wangu alikuwa na mdogo wake mwenye selimundu, akaniomba yeye mwenyewe twende tukapime, tukakutwa sote ni AS. Tulirudi na majibu yetu tukiwa tumekubaliana kukaa miezi mitatu tufikiri, tuwaulize wataalamu, ndipo tuamue. Kosa langu ni kwamba nilimwambia baba yangu mdogo usiku ule ule. Ndani ya wiki moja wazee wa pande zote mbili walikutana, wakarudishiana mahari, na sisi tukapewa taarifa. Binti yule hakuulizwa hata neno moja. Aliyekuwa na ujasiri wa kupendekeza kipimo ndiye aliyetangazwa mtaani kuwa "ana ugonjwa," ilhali alikuwa mzima kama mimi, maana mwenye AS si mgonjwa.

Sisemi tungeoana. Huenda tungeachana wenyewe. Ninachojutia hadi leo ni kwamba uamuzi uliohusu tumbo lake ulifanywa kwenye kikao ambacho yeye hakuwamo, na mimi niliyekuwamo nilinyamaza.

Fundi wa maabara, Morogoro

Naongeza la kitaalamu kwa ufupi, kwa sababu nimeona wengi wakipotea hapa. Kipo kipimo cha zamani ambacho huonyesha tu kama damu inajikunja au haijikunji. Hakitofautishi AS na SS, na kwa kichanga kinaweza kusema hana kumbe anao, kwa kuwa bado ana hemoglobini ya tumboni. Mnapokwenda kupima kwa ajili ya ndoa, ulizeni kipimo kinachotenganisha aina za hemoglobini, na majibu yaandikwe AA (asiye na kinasaba cha selimundu), AS au SS. Msikubali karatasi iliyoandikwa "hasi" au "chanya" peke yake.

Mwanakombo, Kilifi

Hamjambo. Mimi ni SS mwenyewe, nina miaka 31 na mtoto mmoja. Nimekua nikiambiwa sitafika ishirini, kisha nilipofika nikaambiwa nisiolewe, na nilipoolewa nikaambiwa nisizae. Katika kituo kimoja cha afya nilipokwenda kuanza kliniki ya wajawazito, muuguzi aliisoma kadi yangu kwa sauti mbele ya foleni nzima na kuniuliza nani aliniruhusu kushika mimba. Nililivuta leso langu usoni nikaondoka. Nilikaa wiki sita bila kliniki, katika mimba ambayo kwa mtu wa hali yangu ilihitaji uangalizi kuliko ya mwanamke yeyote aliyekuwa kwenye foleni ile.

Kilichoniokoa ni daktari mwingine aliyeniuliza nataka nini, ndipo akanieleza hatari zake moja baada ya nyingine. Alikuwa amenianzishia haidroksiyurea miaka ya nyuma, dawa ambayo ilijaribiwa kwa watoto hapa kwetu Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda, na matokeo yaliyotolewa 2018 yakaonyesha kwamba inapunguza maumivu, malaria, kuongezewa damu na vifo. Niliiacha kabla ya kutafuta mimba, kama alivyonishauri. Mume wangu alipimwa, ni AA, kwa hiyo tulijua tangu mwanzo kwamba mtoto wetu atakuwa AS na hataugua. Huo ulikuwa uamuzi wa watu wawili wenye habari kamili. Ninachoomba ni wasichana wenye selimundu waelezwe hivyo badala ya kukaripiwa.

Baba wa wawili, Dodoma

Sisi tulitazamia upandikizaji wa uloto, ambao sasa unafanyika hapa hapa Dodoma katika Hospitali ya Benjamin Mkapa. Unahitaji mtoaji ambaye uloto wake unalingana na wa mgonjwa, na mara nyingi huyo ni ndugu wa baba mmoja mama mmoja. Mwanetu mkubwa hakulingana na mdogo wake. Tangu siku hiyo familia inamshinikiza mke wangu azae tena ili apatikane "wa kumsaidia mwenzake." Nilimwomba mtaalamu atupigie hesabu. Uwezekano wa ndugu kulingana ni robo moja, na uwezekano wa kutokuwa na SS ni robo tatu, hivyo ukizidisha unapata 3 kati ya 16. Mke wangu alisikiliza, akasema hataki, kwa sababu mtoto huyo angezaliwa akiwa na deni. Nimesimama naye, na mama yangu mzazi bado hajanielewa.

Muuguzi, Dammam

Nawasalimu kutoka Saudia. Huku mashariki mwa nchi selimundu ni nyingi, na tangu 2004 wachumba hulazimika kupima kabla ndoa haijasajiliwa. Majibu yakionyesha hatari hupewa ushauri, lakini hawazuiwi kuoana. Nimewaona walioahirisha na nimewaona walioendelea, wakiwa wamekaa pamoja na kuuliza maswali mpaka tukafunga ofisi. Nawaonea wivu kwa hilo la kukaa pamoja. Kwetu mara nyingi anayeletwa kupimwa ni mwanamke tu.

Kijana, Mbeya

Samahani kama swali langu ni dogo. Mtu akipata hiyo tiba ya kuhariri vinasaba, watoto wake nao wanakuwa wamepona?

Mama Salha, Tanga

Si dogo hata kidogo, mwanangu, maana mimi nililiuliza nikiwa na uhakika wa jibu, na nilikosea. Hapana. Kinachohaririwa ni seli mama za damu tu. Mayai na mbegu za uzazi hubaki kama zilivyokuwa. Aliyetibiwa ataendelea kurithisha S kwa kila mtoto wake, na bado atahitaji kujua hali ya mwenzake. Kuhariri viinitete (mimba changa ya siku za mwanzo), ili mabadiliko yarithiwe, ni jambo jingine: He Jiankui wa China alitangaza 2018 kuwa amefanya hivyo, akalaaniwa na wanasayansi wenzake, na mwaka 2019 akahukumiwa kifungo cha miaka mitatu.

Nimewasomea wanangu michango yenu nyote jana usiku, isipokuwa ile ya Mwanakombo, ambayo Salha aliisoma mwenyewe, mara mbili, kimya. Nilimweleza tiba ipo, iko mbali nasi, ina bei yake na ina swali la uzazi ambalo akifika umri tutalijadili na daktari akiwa yeye ndiye msemaji. Aliniuliza kama haidroksiyurea anayotumia inamzuia kuzaa baadaye. Nimeliandika kwenye daftari lake la kliniki ili tumuulize daktari mwezi ujao. Kisha akamtazama mdogo wake wa kiume, mwenye miaka 12, ambaye hatujawahi kumpima kwa sababu hajawahi kuumwa, akasema na yeye anapaswa kujua yake. Jumamosi tunampeleka. Dada yake ndiye aliyeomba kumshika mkono wakati wa kutolewa damu.