Ushauri: kuwaachia watumiaji wawashe upya mashine pepe zao

Wakuu, habari za kazi. Seva ziko Kigoma mjini, wafanyakazi wa Kasulu na Kibondo wanaingia kwenye mashine pepe (kompyuta za Windows zinazoendeshwa ndani ya seva) kwa Omnissa Horizon, zamani VMware Horizon. Mashine ikiganda, wanapiga simu na kumsubiri fundi wa zamu. Nataka niwafungulie ruhusa ya kuwasha upya wenyewe.

Shida, ruhusa hiyo moja inabeba vitendo viwili: kuwasha upya (restart) na kuriseti (reset). Kuwasha upya kunapitia Windows, inafunga programu kwanza. Windows ikiganda kabisa, amri haifanyi kitu. Kuriseti ni kama kuchomoa waya wa umeme: waraka wa Word ambao haujahifadhiwa ndio umekwenda. Kinachonitia hofu zaidi ni profaili, yaani mipangilio na data za kila mtumiaji. Ni faili za VHDX (diski pepe) za FSLogix, programu ya Microsoft ya kutunza profaili, kwenye seva ya faili. Mashine ikikatwa ghafla, faili inaweza kubaki imeshikiliwa. Mtu akirudi anakataliwa, au anapewa profaili ya muda isiyo na kitu chake hata kimoja. Hapo lazima fundi aiachilie faili kwenye seva, na simu zinarudi palepale.

Mnaoruhusu hili, mnawaambia wasubiri dakika ngapi kabla ya kuingia tena? Na kuna namna ya kuficha kuriseti, ibaki kuwasha upya tu?