Mrejesho: chunjua za binti yangu

Assalaam aleykum wapendwa. Niliuliza kuhusu chunjua za binti yangu, vidoleni na moja unyayoni, na kama dawa ya homiopathi iitwayo Thuja, itokanayo na mti wa jina hilo, ingemfaa. Shukran sana kwa wote mlionijibu.

Thuja 30C tulimpa mpaka kichupa kikaisha. Vidonge ni vitamu, hakuvikataa, ila chunjua zilibaki vilevile. Nashukuru ndugu aliyefafanua kwamba 30C maana yake dawa imezimuliwa 1 kwa 100, mara 30 mfululizo, hata haibaki chembe ya mti wenyewe.

Kilichosaidia ni ushauri wa dada mfamasia wa Kisauni: asidi ya salisiliki ya asilimia 17. Usiku analoweka vidole kwenye maji ya uvuguvugu, nasugua ngozi iliyokufa kwa tupa ya kucha (yake peke yake, maana virusi vya chunjua huambukiza), napaka mafuta ya mgando pembeni ili ngozi isiyo na chunjua isiungue, kisha tone la dawa juu ya chunjua tu. Ngozi inageuka nyeupe, inabanduka kama ganda la kitunguu. Inataka subira, ni kazi ya wiki nyingi.

Za vidoleni zimekwisha, hata mistari ya ngozi imerudi, alhamdulillahi. Ya unyayoni bado, ina vidoti vyeusi na inamuuma akikanyaga. Hiyo tunampeleka kliniki ya ngozi waigandishe kwa naitrojeni. Wenye kisukari, ya miguuni msiijaribu nyumbani bila daktari.