Mada: Bahasha ya kura ikishatoka mkononi, nani anailinda?

Mama Neema, Kent (jimbo la Washington, Marekani):

Shikamooni wazee, salaam kwa wengine wote. Walioapa uraia mwaka huu wanaletewa karatasi za kura nyumbani kwa mara ya kwanza. Mtu aliyezoea kuonyeshwa sanduku tupu mbele ya mawakala wa vyama kabla halijafungwa lakiri, leo anaambiwa atumbukize bahasha kwenye kasha la chuma kando ya barabara aende zake. Naomba anayeijua kazi hii hapa King County (kaunti yetu) aeleze kinachofuata.

Kombo, Renton:

Marahaba. Tuanze na kasha. Ni la chuma kizito, karibu nusu tani, limefungwa chini kwa bolti, na tundu lake ni jembamba kiasi cha kupitisha bahasha tu. Hawendi mtu mmoja kulifungua, huenda wawili. Wanasoma namba ya lakiri kwanza na kuilinganisha na iliyoandikwa safari iliyopita. Wakishatoa bahasha wanafunga lakiri nyingine, wanaandika namba mpya, wote wawili wanatia saini. Namba zikipishana ni lazima iandikwe na ichunguzwe.

Kwenye ofisi ya uchaguzi ya kaunti, hapa Renton, mashine inasoma alama ya mistari kwenye bahasha na kupiga picha ya saini. Mfanyakazi anaiweka kando ya saini iliyomo kwenye daftari la wapiga kura. Mafunzo ya kutambua saini yanatolewa na polisi wa jimbo. Asiporidhika, haitupi: inakwenda kwa mwingine aitazame upya. Ikipita, bahasha ya nje yenye jina inatenganishwa na kilichomo ndani, ili aliyeona jina lako asione kura yako. Makundi ya bahasha yanatembea na karatasi ya hesabu. Kundi likiingia 200 likatoka 199, kazi inasimama mpaka ile moja ionekane. Mara nyingi ni mtu aliyerudisha bahasha tupu.

Karatasi iliyomwagikiwa chai au kuchanika, watu wawili wanainakili kwenye karatasi safi na ile ya awali inahifadhiwa. Mashine za kuhesabu hazijaunganishwa na intaneti, na kabla ya uchaguzi hupimwa hadharani kwa kura za majaribio ambazo jumla yake inajulikana tayari. Wageni wanaruhusiwa kutazama kupitia vioo.

Kasha nalo lina udhaifu wake. Tarehe 28 Oktoba 2024 makasha mawili yalichomwa moto, moja Portland ya Oregon, jingine Vancouver ya huku Washington. La Portland dawa ya kuzima moto iliyokuwa ndani ilifanya kazi, zikaharibika kura tatu. La Vancouver haikufua dafu, zikaungua mamia. Kilichowaokoa watu ni kwamba unaweza kufuatilia bahasha yako: ukiona kura yako haijapokelewa, unaomba karatasi nyingine. Hata zikifika mbili, inahesabiwa moja.

Bi Asha, Tukwila:

Kaka Kombo kasema kweli, ila jamani kinachokwamisha kura zetu si mwizi, ni saini. Saini ya daftarini mara nyingi ni ile uliyoweka ulipochukua leseni ya udereva, pengine kwa haraka na kidole kwenye kioo. Kisha ukabadili jina siku ya kiapo. Kosa jingine ni la nyumba yenye wapiga kura wanne: bahasha zinalundikwa mezani, mume anasaini ya mke, mke ya mume. Zote mbili zinakwama.

Ofisi itakuandikia barua na fomu ya kurekebisha. Ijazwe na irudi kabla ya siku ya kuthibitisha matokeo, ambayo kwa uchaguzi mkuu ni siku ya 21 baada ya kupiga kura. Wazee wetu wasioweza kusaini wanaweka alama mbele ya mashahidi wawili, na hao mashahidi wanasaini. Usimsainie mama yako, hata kama amekuomba.

Na mwenye green card (kibali cha ukazi, bado si raia) asijiandikishe kabisa. Akiulizwa kaunta ya leseni, ajibu hapana. Kosa hilo linaweza kumharibia kesi yake ya uhamiaji.

Otieno, Minneapolis:

Huku Minnesota wengi bado wanakwenda kituoni. Asubuhi, kabla ya mtu wa kwanza, mashine inachapa ukanda wa karatasi wa sifuri, yaani bado haina kura, na waamuzi (wasimamizi wa kituo) wanausaini. Unasaini daftari, unapewa risiti, risiti unaibadilisha kwa karatasi ya kura. Jioni lazima idadi ya walioingia na idadi ya karatasi zilizomo ziafikiane. Ukitia alama wagombea wengi mno mashine inakuonya. Omba karatasi mpya, usikwangue. Mwisho ukanda wa matokeo unachapwa na kusainiwa pale pale, fikiria fomu 34A ya kwetu Kenya, ile ya matokeo ya kituo. Baadaye vituo vinachaguliwa kwa bahati nasibu hadharani na kura zake zinahesabiwa kwa mkono.

Kura ya posta huku inatazamwa kwa namba ya leseni au tarakimu nne za mwisho za Social Security (namba ya hifadhi ya jamii). Andika namba ile ile uliyojaza ulipoomba kura. Na lazima iwe imefika ofisini siku ya uchaguzi, muhuri wa posta haukusaidii.

Kombo, Renton:

Hapo kwenye muhuri niongeze: hata sisi wa Washington tusiutegemee. Hupigwa kwenye kituo cha kuchambua barua, si pale ulipotumbukiza, kwa hiyo barua ya jioni inaweza kupata tarehe ya kesho. Wiki ya mwisho tumia kasha.

Mkiwapigia wazee simu, msiwaambie "saa nane" kwa kutafsiri "8 p.m." ya Kiingereza. Siku ya uchaguzi kasha linafungwa saa 2 usiku kwa saa zetu za Kiswahili. Ukimwambia mzee saa nane, atajua ni mchana, na saa kumi atakuwa ameshakata tamaa na bahasha iko mezani.